Mikate ya Kutazama

Kyuso, Alhamisi, saa kumi jioni

Kalondu na Rhoda,

Leo nimeaibika, jamani. Nimeaibika mbele ya darasa la tatu zima, hedimasta, punda wanne, na Mama Tabitha, msimamizi wetu kutoka ofisini Machakos. Mguu wangu uko kwenye karai la maji ya chumvi. Sketi iko juu ya kamba, imepasuka kuanzia gotini hadi mahali ambapo sitapataja kwenye barua ya Wakristo. Nawaandikia sasa hivi kabla sijaanza kujidanganya kwamba haikuwa mbaya sana. Ilikuwa mbaya sana.

Na wewe Kalondu, usijifanye hujui. Hii ni kazi yako.

Rhoda, wewe huko Nuu huna habari, kwa hiyo nakueleza. Wiki mbili zilizopita Kalondu aliniandikia kutoka Nunguni akijisifu. (Ulikuwa unajisifu, Kalondu. Tumelala bweni moja miaka miwili, nakujua.) Alisema amefundisha somo la Yesu kulisha umati kwa mikate mitano na samaki wawili bila zile picha zetu za kubandika kwenye kitambaa cha flaneli. Alileta mikate yenyewe. Ya kweli! Akaipanga mezani, watoto wakaona kwa macho yao jinsi mikate mitano ilivyo michache mbele ya umati, na somo likaingia. Akimaliza anairudisha kwenye kikapu, anaenda nayo shule ya pili. Hakuna mtoto aliyeiangalia mara mbili. Mmoja hata alimwambia mikate ya mama yake huiva vizuri kuliko ile.

Nikasoma nikasema, Mwikali, umepitwa. Mimi bado nabandika makaratasi ambayo upepo wa huku ukivuma, mtume Petro anaanguka kifudifudi. Nikaamua na mimi nitaleta mikate.

Jambo ambalo sikujiuliza ni watoto wa Nunguni wanatoka nyumbani wamekula nini. Huko mvua inanyesha. Mtoto anakunywa chai ya maziwa na viazi vitamu, anapita katikati ya sukuma wiki mpaka shuleni. Hapa Kyuso mvua imetukataa misimu miwili. Ndengu zilichomoza, zikatutazama, zikakauka. Tunakula unga wa manjano wa msaada, na lori lenyewe likija tunashukuru.

Msidhani lakini kwamba mimi ni mtu asiyefikiri. La! Mwezi uliopita zamu ilikuwa ya somo la Nuhu, nikaliruka. Nilisema, watoto hawa na ukame huu, utasimama mbele yao uanze kuwasimulia gharika? Nikajiona mwenye busara. Nikajipongeza kabisa, nikajipikia chai. Halafu mwanamke huyohuyo mwenye busara akaenda dukani kununua mikate.

Sasa, mnajua leo ilikuwa siku gani kwangu. Miezi sita ya majaribio imeisha, na Mama Tabitha alikuwa anakuja kuketi nyuma ya darasa anitazame. Nikifaulu, nabaki Kyuso na shule zangu nne. Nikishindwa, narudi Machakos kubandika stempu kwenye bahasha za wafadhili. Rhoda, wewe unajua nilivyolia nilipopangiwa huku. Sasa ningelia wakiniondoa. Watoto wa huku nikipita barabarani wananiita kwa jina mpaka nipotee kwenye kona. Sijawahi kupendwa hivyo mahali popote, hata kwetu.

Na Mama Tabitha mnamfahamu. Ana sheria mbili, anazirudia hata akiombea chakula. Ya kwanza: hatugawi chakula shuleni, maana tukigawa, mtoto atakuja kwa tumbo, si kwa Neno. Ya pili: kifaa cha kufundishia hakiliwi, hakipotei, kinarudi kwenye sanduku na kutiwa alama kwenye daftari. Mnakumbuka yule mwenzetu aliyepoteza kondoo wa karatasi? Alimtafuta wiki nzima. (Na somo lilikuwa la kondoo aliyepotea. Mama Tabitha hakuona kichekesho.)

Basi, Jumatatu nilienda kwa Mzee Abdi, yule mwenye duka karibu na zizi la mnada. Mikate humfikia kwa basi la Mwingi. Nikamwomba skonzi tano.

"Umepata wageni, mwalimu?" akaniuliza.

"Hapana, mzee. Ni za kufundishia."

"Watoto watakula?"

"Hawali. Wanatazama, wanaelewa, halafu narudisha kwenye kikapu."

Mzee Abdi aliuweka mkate wa tano chini polepole. Akanitazama kama mtu anayemtafutia mwenzake dawa. "Mkate wa kutazama," akasema. "Haya. Mungu atusamehe wote." Nikaona huyu mzee ni mfanyabiashara tu, mambo ya ualimu atayajulia wapi. Nikabeba skonzi zangu nikaenda nikiringa. Samaki nilijikatia mwenyewe kutoka kwenye kadibodi, nikawapaka rangi ya fedha, wakapendeza ajabu.

Jumatatu nikafundisha shule ya kwanza. Jamani, kimya! Nilipoitoa mikate kikapuni, watoto themanini walinyamaza kwa pamoja. Sijawahi kupata usikivu wa aina hiyo. Jumanne shule ya pili, vilevile. Nikisogeza mkate kushoto, macho yanaenda kushoto. Nikisogeza kulia, yanaenda kulia. Jumatano msichana mmoja wa mbele alimeza mate kwa sauti mpaka mimi nikasikia, na mimi, Mwikali, mwenye cheti, niliamini ameguswa na Roho. Niliandika hivyo kwenye ripoti! Ripoti tatu nimeandika wiki hii, na zote zinasema: "Watoto walisikiliza bila kupepesa macho."

Haya. Leo nikaamka mapema, nikavaa sketi ya kijivu (marehemu), viatu vyenye kisigino kidogo, nikabeba kikapu changu hadi shule ya nne. Hedimasta ni Bwana Kilonzo, mtu mpole anayeongea kama anayeomba radhi. Watoto walikuwa wanafika, kila mmoja na kibuyu au kidumu cha maji mkono mmoja na kijiti cha kuni mkono mwingine, kwa ajili ya jiko la shule. Kuni zilikuwa zimerundikana ukutani hadi dirishani. Nikamtania, "Bwana Kilonzo, mnafungua biashara ya makaa?"

"Mwalimu, tunaambiwa lori la chakula litakuja," akasema. "Wiki ya tatu sasa. Watoto wanaendelea kuleta kuni. Nimeona nisiwakataze." Akaangalia kikapu changu. Kile kitambaa hakikuwa kimefunika vizuri. "Leo una nini humo?"

Nikamweleza. Akakohoa. "Mwalimu, labda leo zile picha zingetosha."

Mnajua mdomo wangu. Nikamjibu, "Bwana Kilonzo, mtoto anajifunza kwa macho." Akasema sawa, akafungua mlango wa darasa. Nawaambia, yule mzee alinipa nafasi ya kujiokoa, na mimi nikamfundisha ualimu, yeye aliyefundisha hata baba yangu.

Landrova ya shirika ikafika. Mama Tabitha akashuka na faili lake, akasalimia, akaomba kiti, akaketi nyuma kabisa karibu na mahali pa mlango. Nasema mahali pa mlango kwa sababu mlango wenyewe ulichukuliwa na mchwa. Kumbukeni hilo, lina maana baadaye.

Nikaanza. Nawaambieni nilianza vizuri! Niliwaimbisha, nikawachangamsha, kisha nikashusha sauti vile tulivyofundishwa. "Watu walikuwa wengi. Walikaa tangu asubuhi bila kula. Nani hapa anajua njaa?"

Mikono yote ikapanda. Yote. Kalondu, wewe uliandika kwamba kwako ilipanda miwili. Nikamtupia Mama Tabitha jicho, nikidhani ananipa alama kwa kushirikisha darasa.

Nikafunua kikapu. Skonzi moja, mbili, tatu, nne, tano. Kimya kikaingia, kile changu cha wiki nzima. Samaki nao nikawaweka. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, hao ni nyoka?" Nikasema ni samaki. Akauliza kama wanaliwa. Nikasema ndiyo. Akamtazama mwenzake kwa mashaka. Hapo Mama Tabitha alitabasamu, nikajua Kyuso ni yangu.

"Sasa kulikuwa na mtoto mwenye mikate hii. Kama ungekuwa wewe, ungefanya nini?"

"Ningekula," akasema mmoja. Hakuna aliyecheka. Wote walikubali kwa kichwa, kwa utaratibu, kama wazee wa kamati.

"Lakini yeye hakula peke yake. Alitoa yote!"

Ndipo Mumbua akainua mkono. Mumbua ni msichana wa mstari wa pili, mwembamba, ana akili kupita wote, na ndiye huniletea kiti nikifika. Alizaliwa siku ya mvua, ndiyo maana ya jina lake, na huwa anataniwa sana mwaka huu. Akasimama vizuri, mikono nyuma. "Mwalimu, huyo mtoto, nyumbani kwao kulikuwa na susu yake?"

"Biblia haisemi habari za bibi yake, Mumbua."

"Na wadogo zake?"

"Haisemi. Keti."

Akaketi. Mimi nikaendelea mbio, maana nilikuwa nimepanga igizo la mwisho na nilitaka Mama Tabitha alione kabla hajaanza kupiga miayo. Nikaweka mikate na samaki tena kikapuni. Nikatafuta mtoto hodari wa kuigiza, na ni nani hodari kuliko Mumbua? Nikamkabidhi kikapu nyuma ya darasa (nyuma, ndugu zangu, karibu na mahali pa mlango), nikarudi mbele, nikanyoosha mikono. "Haya, Mumbua. Fanya kama yule mtoto. Toa."

Mumbua akasimama na kikapu. Aliangalia mikate. Aliniangalia mimi. Nakwambia Rhoda, aliniangalia kwa muda, na nilipokuwa ninatabasamu nimpe moyo, niliona ameshaamua jambo. Akageuka, akapita mbele ya magoti ya Mama Tabitha, akatoka.

Nikabaki nimenyoosha mikono.

"Kifaa!" Mama Tabitha akasema.

Nikachomoka. Sikufikiri. Kama ningefikiri ningevua vile viatu. Mumbua alikuwa ameshavuka uwanja, anakimbia pekupeku, kikapu kifuani, na mimi nyuma yake napiga kelele. Mnajua nilipiga kelele gani? Sikupiga "Simama." Nilipiga, kwa sauti ambayo wameisikia mpaka sokoni:

"Mumbua! Rudisha mikate ya Yesu!"

Kando ya njia kulikuwa na akina mama wakitoka mtoni kuchimbua maji mchangani, na punda wao wanne. Wote wakasimama. "Woi! Mwalimu, ni nini?" mmoja akauliza. Kisigino kikavunjika. Nikavua kiatu, nikaendelea na kimoja. Pale njia inapokata kwenye vichaka, mwiba ukaingia mguuni, nikaruka pembeni, na huko pembeni mwiba mwingine ukashika sketi. Mimi nikaenda, sketi ikabaki. Si yote. Ilibaki ya kutosha kwamba shimizi yangu ya waridi, ile mliyoicheka chuoni, imeonekana na nusu ya Kyuso. Nikageuka. Darasa zima lilikuwa linanifuata kwa mstari, kama tunavyowafundisha. Nyuma yao hedimasta. Nyuma ya hedimasta Mama Tabitha, faili kichwani kukinga jua.

Nilikuwa na hasira, siwafichi. Njia nzima nilikuwa natunga hotuba. Nilitaka kumwambia Mumbua kuhusu amri ya nane, usiibe. Nilitaka alie. Nilimwona akiingia kwenye boma la miiba, nikaingia nyuma yake nikihema, kidole kikiwa tayari kimenyooka.

Bibi yake alikuwa ameketi chini mlangoni. Skonzi moja ilikuwa mikononi mwake, amefumba macho, anaomba. Watoto wawili wadogo wamemkalia kila upande. Yule mdogo kabisa, kasichana ka miaka miwili hivi, alikuwa ameshaanza na samaki. Anamtafuna mkia, mdomo wote rangi ya fedha. Mumbua alikuwa amesimama ukutani, hahemi hata, ananitazama tu.

Susu alikuwa anaomba kwa Kikamba, polepole, na hakuwa na haraka. (Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kikamba changu cha kuandika mnakijua.) Alimshukuru Ngai kwa asubuhi. Akamshukuru kwa kuwa hakuwasahau. Kisha akasema, "Na mbariki mwalimu Mwikali aliyetutumia mkate huu. Mpe mume mzuri."

Kidole changu kilishuka chenyewe.

Akafumbua macho, akaniona. Na furaha aliyoipata! "Ni wewe? Mumbua ameniambia, mwalimu ametutumia mkate, nikamwambia mtu akituma mkate lazima yuko nyuma anakuja." Akamwagiza mtoto kiti. "Kwani ni wewe umetutumia kweli?"

Hapo darasa lilikuwa limefika, limejipanga nje ya ua, macho katikati ya miiba. Bwana Kilonzo amesimama na kofia mkononi. Mama Tabitha ameingia, anafuta jasho, na amesikia swali. Mumbua bado ananitazama. Uongo ulikuwa wake, lakini jibu alikuwa ameniachia mimi.

Nikisema ndiyo, nimegawa chakula na nimelisha watu kifaa, sheria zote mbili kwa neno moja, na mwenye sheria yuko mgongoni mwangu. Bahasha za Machakos nilishaanza kuzinusa. Nikisema hapana, Mumbua ni mwizi. Mbele ya susu yake, mbele ya darasa lake, na hapa kwetu jina kama hilo unazeeka nalo.

"Ndiyo, susu," nikasema. "Ni mimi."

Sikuthubutu kugeuka. Nilisikia faili la Mama Tabitha likifungwa.

Susu akainuka kwa shida, akanishika mikono, akanitemea mate kidogo kifuani kunibariki, jinsi wazee wetu wanavyofanya. Halafu akamwendea Mama Tabitha akamtemea na yeye. (Blauzi nyeupe. Alisimama wima, akapokea.) Kisha akasema wageni waketi, maana hakuna mgeni atakayetoka kwake bila kuonja kitu.

"Susu, sisi tumeshiba," nikasema haraka.

"Umeshiba wewe. Mimi nimekuuliza?"

Basi mikate ile ikagawanywa. Kukatika ilikataa. Susu alijaribu kwa mkono, akajaribu kwa kisu, mwishowe akaweka skonzi juu ya jiwe akaigonga kwa mchi wa kinu. Aliwapa wadogo. Akatupa sisi wageni, kila mmoja kipande. Halafu akawaona watoto uani, akasema, "Na hawa wote?" akaanza kuwaita. Nawaambia ukweli wa Mungu, hapo niliitazama ile mikate nikingoja. Niliingoja. Nimefundisha somo hili mara nne wiki hii, nilisema labda leo, Bwana. Haikuongezeka. Iliishia kwa mtoto wa tisa au wa kumi, kipande kama ukucha. Waliobaki susu aliwapa pole, mmoja mmoja, kwa majina. Mikononi mwake mwenyewe hakikuwamo kitu.

Mama Tabitha alitia kipande chake mdomoni. Tukasikia kikilia, kwaruu! Akatafuna. Akatafuna tena. Akaniinamia sikioni.

"Dada Mwikali. Mkate huu ni wa lini?"

"Wa Jumatatu, Mama."

"Leo ni Alhamisi."

"Ndiyo, Mama."

"Umekuwa nao shule zote?"

"Zote, Mama."

Akameza. "Na watoto wa zile shule tatu. Waliuona?"

"Waliuona."

"Waliuona tu?"

Jamani. Shimizi yangu ilikuwa nje, mguu unavuja damu, kazi imekwisha, na hakuna kimojawapo kati ya hivyo kilichonichoma. Nilimkumbuka yule msichana wa Jumatano aliyemeza mate. Nilimkumbuka na uso wake, na mahali alipoketi. "Waliuona tu, Mama," nikasema, na hapo ndipo nilipoanza kulia, kwenye boma la watu, mdomo umejaa mkate mkavu ambao sikuweza kuumeza wala kuutema.

Tulirudi shuleni. Njiani wale akina mama wa punda walikuwa bado wanatungoja, kazi wameiacha. "Mwalimu," mmoja akaniuliza, "si ulikuwa unamfukuza huyu mtoto?"

"Hapana, mama. Nilikuwa namsindikiza."

Darasani Bwana Kilonzo alisimama mbele na sauti yake ya kuomba radhi. Akasema, "Mwalimu Mwikali alimtuma Mumbua apeleke mkate nyumbani kwake. Tumeelewana?" Darasa zima likajibu, "Ndiyo, mwalimu!" Watoto ambao walikimbia nyuma yangu wakinisikia nikiita kwa koo lote! Mumbua alikuwa ameketi mahali pake mstari wa pili. Nilipomtazama aliinamisha kichwa, na nilipochukua kikapu changu alisimama akanibebea mpaka kwenye Landrova. Hakusema samahani. Na mimi sikujua nianzie wapi kumwambia ya kwangu, nikamwambia tu, "Uliuliza swali zuri. Lile la susu."

"Ndiyo, mwalimu," akasema.

Mama Tabitha aliketi mbele garini, akafungua daftari la vifaa. Nilimwona akiandika: kikapu kimoja, kimerudi. Samaki mmoja, amerudi. Kalamu ikasimama kwenye mstari wa mikate. Mwishowe akaandika neno moja, nikachungulia. Aliandika, "Imetumika."

"Wiki ijayo," akasema bila kunitazama, "utarudi kwenye shule zote nne na somo hilihili."

"Mimi, Mama? Nabaki?"

"Utakwenda na mikate."

"Mitano?"

Hapo ndipo aliponigeukia, na macho yake, Kalondu, hayakuwa yale ya ofisini. "Waulize mahedimasta wana watoto wangapi. Na kama mikate hiyo haipatikani, mpenzi, fundisha habari za Nuhu."

Akanishusha dukani. Nikaingia nikichechemea, nimejifunga leso ya Mama Tabitha kiunoni. Mzee Abdi alinitazama kuanzia juu hadi chini, akaficha mdomo. (Alishasikia. Kyuso nzima ilishasikia.) "Mkate wa kutazama tena, mwalimu?"

"Hapana, mzee," nikamwambia. "Wa kula. Na nahitaji mwingi, basi la Mwingi litaweza?" Akaacha kucheka. Akasema tutapanga.

Zile ripoti zangu tatu nimeomba nirudishiwe, nizisahihishe. Mguu umevimba. Dua ya mume mzuri bado naingojea. Rhoda, wewe ukitaka kunicheka nicheke, mimi mwenyewe nimeshaanza. Na wewe Kalondu wa Nunguni, cheka pia, nimekuruhusu, ila nakuomba kitu kimoja tu: usinicheke ukiwa na mkate mkononi.

Wenu,
Mwikali